Naomba ushauri: ufadhili wa shahada ya udaktari (PhD), nusu historia ya sanaa, nusu kazi za mikono

Habari zenu wanajamvi. Nimekwama, naomba mnishike mkono.

Nimepata nafasi ya udaktari: tasnifu kuhusu historia ya picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao, pamoja na maonyesho ya kazi zangu mwenyewe za kuchonga na kuchapa. Ada ya mwaka wa kwanza nimesamehewa. Fedha za kujikimu, safari za makavazi, mbao na wino sina.

Nimeomba kwingine mara mbili. Mfuko wa utafiti ulijibu kuwa kuchonga si utafiti. Wa wasanii haufadhili masomo ya shahada. Imeniuma, maana kuna alama za patasi kwenye vibao vya zamani ambazo sikuzielewa mpaka nilipokata mwenyewe kinyume na nyuzi za mti. Ufadhili wa Getty, taasisi ya sanaa ya Marekani, kwa wanafunzi wa udaktari unawalenga walio hatua ya tasnifu, nami ndiyo kwanza naanza.

Je, niligawe ombi mara mbili, au nisake mfuko unaotambua utafiti kwa njia ya sanaa? Na gharama za vifaa mliziandikaje kwenye bajeti zikapita?

Natanguliza shukrani.