Hakuna chama kinachonisemea. Niende kupiga kura Januari 2026, au niendelee na cherehani yangu?

Fundi wa Arua

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wengine habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nashona sare za shule na magomesi, yale magauni ya kina mama. Kituo changu cha kura hakiko mbali na kibanda changu, kwa hiyo sina kisingizio cha nauli. Tarehe 15 Januari 2026 inakaribia. Tangu wagombea 8 wa urais waidhinishwe mwezi wa Septemba nimekuwa nawasikiliza redioni, mmoja baada ya mwingine, na bado sijamsikia anayesema ninachokiamini.

Ninaamini rais, hata awe mzuri vipi, asizidi vipindi viwili. Ukomo huo uliondolewa 2005, na ule wa umri ukaondolewa 2017. Ninaamini pia kwamba wabunge 529 ni wengi mno kwa nchi ambayo vituo vyake vya afya vinampa mama mjamzito orodha ya vitu vya kununua kabla ya kujifungua. Ya mdogo wangu niliishika mimi mwenyewe: glovu, pamba, wembe, plastiki ya kutandika, uzi wa kitovu. Tukazunguka maduka ya dawa usiku, yeye ameshaanza uchungu. Na mwisho ninaamini kodi inayokusanywa wilayani ibaki wilayani kwa sehemu kubwa, siyo ipelekwe Kampala halafu turudishiwe makombo.

Sasa nimpe nani? Chama tawala kimetuletea lami mpaka Arua, sikatai, nasafirishia vitambaa vyangu juu yake. Lakini kwenye ukomo wa madaraka tumeachana kabisa. Upinzani tunakubaliana kwenye ukomo, ila wakizungumza utadhani Uganda inaishia daraja la Karuma, kabla ya kufika huku kwetu kaskazini. Na Aprili 2020, wabunge walipogawiwa shilingi milioni 20 kila mmoja kwa jina la korona, pesa ziliingia kwenye akaunti za pande zote. Waliozirudisha ni wachache.

Mume wangu ananiambia nisipoteze siku ya kazi. Mama yangu anasema asiyepiga kura asilalamike. Wote wawili nawaheshimu, na wote wawili hawajaniridhisha. Nyinyi mnafanyaje?

---

Kijana wa Kisenyi

Dada, mimi siendi, na sababu zangu siyo uvivu.

Novemba 2020 nilikuwa hapa hapa Kampala. Watu 54 walikufa katika zile siku mbili za maandamano ya kupinga kukamatwa kwa mgombea Bobi Wine, na hiyo ni hesabu iliyokubaliwa na serikali yenyewe. Halafu Januari 2021, kabla hata vituo havijafunguliwa, intaneti ikazimwa nchi nzima, na mashine za alama za vidole zikagoma sehemu nyingi. Niliingia kwenye foleni hiyo. Nilirudi nyumbani nikijihisi nimetumika kupamba sherehe ya mtu mwingine.

Angalia mahudhurio. 2016 walijitokeza kama 67%. 2021 hawakufika 60%. Watu zaidi ya milioni 7 walioandikishwa walikaa nyumbani. Hao ndio chama changu. Idadi hiyo ikiendelea kukua, hakuna atakayethubutu kusema amechaguliwa na wananchi.

---

Mama Mpakani, Busia

Kijana wangu wa Kisenyi, pole kwa uliyoyaona. Sitakuambia hayakutokea, wala kwamba kura itawafufua waliokufa. Lakini hao milioni 7 unaowaita chama chako, naomba tuwatazame vizuri.

Ndani yao yumo aliyekataa kwa dhamira kama wewe. Yumo pia aliyekuwa mgonjwa, aliyekwenda msibani, aliyehamia Juba kutafuta kazi, aliyefariki na jina likabaki kwenye daftari, na yule ambaye hajali kabisa. Tume ikitangaza matokeo wote wanakuwa kitu kimoja: hawakuja. Hakuna safu ya kueleza kwa nini. Na Katiba yetu, Ibara ya 103, inadai mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura halali zilizopigwa. Zilizopigwa, mwanangu. Siyo ya walioandikishwa. Tukibaki mia tu nchi nzima, hamsini na mmoja wanatosha.

Kususia siyo jambo geni kwetu, limeshajaribiwa. Juni 2000 kulikuwa na kura ya maoni kuamua kama tubaki na mfumo wa Movement, yaani siasa bila ushindani wa vyama, au turudi kwenye vyama vingi. Wapinzani wakasema tusiende. Waliokwenda ni kama nusu ya walioandikishwa, Movement ikapata takriban 90%, na vyama vikaendelea kufungwa mikono mpaka 2005. Hao waliokaa nyumbani walikuwa na hoja nzito kabisa. Nani aliiandika?

Na mimi nakaa mpakani, ya Kenya nayaona kwa macho. Oktoba 2017 Raila alijitoa kwenye uchaguzi wa marudio na watu wake wakasusa. Sehemu kubwa ya kaunti nne za Nyanza haikupiga kura kabisa. Uhuru Kenyatta akapata 98% na akaapishwa. Machi iliyofuata wakubwa wakapeana mikono. Wateja wangu wa upande ule, waliofunga biashara zao wiki nzima kwa ajili ya msimamo, walisikia habari hiyo kwenye redio kama mimi.

Sasa wewe dada wa Arua. Umeuliza umpe nani kura yako. Nakwambia hivi: siku hiyo hutapewa karatasi moja. Utapewa ya rais, ya mbunge wa jimbo, na ya mbunge mwanamke wa wilaya. Baadaye kuna siku za wenyekiti na makaunsela wa wilaya, kisha za sabukaunti. Hasira yako yote umeielekeza kwenye karatasi ya kwanza, lakini ile orodha ya glovu na wembe haikai Kampala peke yake. Nani anafuatilia dawa zikifika kituoni? Nani anakaa kwenye baraza la wilaya bajeti ya afya inaposomwa? Huku chini wagombea unawajua. Unajua nani alilipa karo ya yatima kimyakimya na nani aliuza kiwanja cha shule. Huhitaji ilani ya chama kumpima mtu uliyekulia naye.

Tena huku chini chama siyo lazima. Bunge lililochaguliwa 2021 lilikuwa na wabunge wa kujitegemea zaidi ya 70, wengi kuliko wa chama chochote cha upinzani. Wengine nakubali ni watu wa chama tawala walioshindwa kwenye mchujo wakakasirika. Lakini wewe wa Arua hupaswi kufundishwa na mimi. Agosti 2018, kwenye uchaguzi mdogo wa manispaa yenu, Kassiano Wadri aligombea bila chama, akashinda akiwa mikononi mwa polisi. Watu wenu walimpigia kura mtu aliyekuwa kizuizini!

Nikueleze na hili nililoliona mwenyewe, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike kirefu. 2021 nilikuwa wakala wa mgombea ubunge wa kujitegemea. Kituo chetu kilikuwa chini ya mwembe, na watu wanatia alama juu ya beseni la plastiki lililowekwa pembeni, kama mnavyojua. Saa kumi jioni msimamizi akafunga, akamwaga karatasi, akaanza kuinua moja moja juu tuone sote, anataja jina. Akafika kwenye moja iliyoandikwa kwa biro kutoka juu mpaka chini, maneno madogo madogo yamezunguka picha za wagombea. Mimi niliwahi kusoma mstari mmoja tu, kuhusu kisima kilichoharibika. Msimamizi akasema, "Imeharibika," akaiweka kwenye rundo la zilizoharibika, akachukua nyingine. Kwenye fomu ya matokeo, mtu yule aliyepanga foleni juani kutueleza habari ya kisima akawa nambari katika jumla ya kura zilizoharibika.

Nilitaka kulia. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na aliyapeleka mahali ambapo hakuna mtu mwenye kazi ya kuyasoma.

Na jingine, kwa ninyi mnaokaa nyumbani. Daftari la kituo lina picha na majina yetu, na karani anaweka alama kwa kila anayekuja. Ikifika saa tisa alasiri, aliye mezani anajua fika nani hajaonekana. Jina lisilo na mwenyewe, na karatasi ambayo haijatumika, vinakaa mahali pamoja mpaka jioni. Kazi ya wakala ni kukodolea macho hapo. Ukija mwenyewe, umetupunguzia kazi.

---

Mzee wa Bombo

Mama Mpakani amesema mengi ya haki. Nina machache ya kuongeza na moja la kumpinga.

Ibara ya 59 ya Katiba inasema kupiga kura ni haki ya kila raia aliyefikisha miaka 18. Wajibu uliotajwa pale ni wa kujiandikisha. Kwa hiyo mama yako, binti yangu, namheshimu, lakini asiyepiga kura bado analipa kodi kwenye sabuni na sukari, na kulalamika ni haki yake. Asikufunge mdomo mtu.

Ninapompinga Mama: mtu asilazimishwe kutia alama kwa mgombea ambaye dhamiri yake inamkataa. Mimi nimeona kura tangu 1980, na naujua uzito wa kumpa mtu jina lako halafu akafanya aliyoyafanya. Karatasi iliyoachwa tupu ni ushahidi kati yako na Mungu, hata kama msimamizi ataiita imeharibika. Mwaka 2021 kura za urais zilizoharibika zilizidi laki tatu. Siamini wote hao hawajui kutia dole.

Ningependa tuwe na nafasi ya "hakuna ninayemtaka" kama Wahindi walivyoiweka kwenye mashine zao tangu 2013. Hata kwao mwenye kura nyingi kati ya wagombea ndiye anayepita, lakini angalau idadi ya waliokataa inasomwa peke yake, haichanganywi na ya waliokosea.

Na tukumbuke kwamba ukishamchagua mbunge huna njia ya kumrudisha nyumbani kabla ya muda wake. Ibara ya 84 iliweka haki ya kumwondoa, lakini inafanya kazi chini ya mfumo wa Movement peke yake. Tuliporudi kwenye vyama vingi ikalala. Hilo ndilo ningewauliza wagombea wanaopita hapa Bombo: mtaiamsha au hamtaiamsha?

---

Kijana wa Kisenyi

Mama, habari ya yule wa kisima imenigusa. Bado karatasi ya rais siigusi, moyo wangu haujakubali. Ila kaunsela wa mtaa wetu namjua, na aliyesimama dhidi yake namjua zaidi. Nitafikiria hiyo siku yao.

---

Fundi wa Arua

Asanteni sana. Nimemsomea mume wangu majibu yote, tumebishana mpaka chai ikapoa.

Nimeamua nitakwenda. Ya mbunge mwanamke ninaye wa kumpa, alikuja sokoni bila mabango akauliza habari ya kina mama na vituo vya afya, akaandika kwenye daftari lake. Ya jimbo nitawasikiliza tena wiki hii. Ya rais sijui, huenda nikafanya kama Mzee. Na swali la Ibara ya 84 nitaliuliza huku kwetu pia, wakija.

Mama Mpakani, jambo moja la mwisho: nikiacha karatasi ya rais tupu, hizo nyingine mbili zitahesabiwa? Au watasema kura yangu yote imeharibika?

---

Mama Mpakani, Busia

Zitahesabiwa, mwanangu. Kila karatasi ina sanduku lake na fomu yake. Moja ikiharibika haigusi nyingine. Ila hakikisha kila karatasi inaingia sanduku linaloihusu, na usiondoke na yoyote mkononi, hata hiyo tupu. Alama au dole liwe ndani ya nafasi ya mgombea mmoja, wino usivuke mstari. Nenda asubuhi, vituo vinafunguliwa saa moja, kabla jua la Arua halijakasirika. Saa kumi wanafunga, lakini ukiwa tayari kwenye foleni ni lazima wakuhudumie, usikubali kufukuzwa.

Na huyo mgombea mwenye daftari, muulize kama ana wakala kwenye kituo chako. Kama hana, mwambie wewe uko karibu.