MJADALA: Kompyuta ya kituo iwekewe kadi ya grafiki ifanye kazi ya utafiti usiku, au ni kuchoma LUKU ya watu?

Mleta mada (Mwanga, Kigoma)

Habari za wakati huu wakuu. Kuna hoja imetugawa hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji, nimeona niilete mezani tuijadili bila matusi.

Tuna kituo cha vijana kinachoendeshwa kwa michango ya wakazi. Ndani zimo kompyuta za ofisini za mtumba, Dell OptiPlex 7010 za kizazi cha 2012. Zinaandika barua za kuomba kazi, zinaprinti, zimemaliza. Sasa kijana mmoja wa kamati amependekeza moja inunuliwe kadi ya grafiki iliyotumika, na kituo kikishafungwa jioni iachwe inafanya hesabu za utafiti kupitia Folding@home au mmoja wa miradi ya BOINC (programu inayobeba miradi mingi ya namna hiyo).

Kwa asiyeijua habari hii: mtafiti ana hesabu kubwa kuliko kompyuta alizonazo. Anazikata vipande, mtu yeyote duniani anayependa anapakua programu, mashine yake inapewa kipande, inakikokotoa, inarudisha jibu kwa intaneti. Halipwi mtu. SETI@home ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiyo iliyoutangaza sana mtindo huu kuanzia 1999, hadi ilipoacha kugawa kazi Machi 2020. Folding@home ilianzia Stanford mwaka 2000. Inaigiza jinsi protini za mwili zinavyojikunja, na watafiti wa dawa wanayatumia hayo majibu.

Kwa nini kadi? Prosesa ya mashine zile ina kori nne. Kadi ya GTX 750 Ti ya 2014, ya daraja la chini, ina vikokotozi vidogo 640 vinavyofanya kazi kwa mkupuo. Kwa hesabu za aina hii prosesa haifui dafu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kadi naiunga mkono, ila kuiwasha kwa LUKU ya kituo sikubali. Karibuni.

Mchangiaji wa Gungu

Kompyuta inawaka usiku kucha, kadi ya grafiki, mlango umefungwa, halafu mnatuambia hakuna pesa? Hapo mnachimba bitikoini, semeni tu. Sisi tulichangia watoto wajifunze kompyuta.

Mleta mada

Mkuu wa Gungu, hofu yako naielewa, na hata mzee mmoja wa kamati aliuliza hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba bitikoini haichimbwi tena kwa kadi za hivi, ina mashine zake maalumu. BOINC na Folding@home wanakupa pointi za heshima, na pointi hizo huendi nazo dukani. Ila nakubaliana nawe kwenye jambo moja: programu ipakuliwe kwenye tovuti ya mradi wenyewe, na siyo kwa flashi ya mtu. Mtu akitaka kutuletea uchimbaji wa siri atapitia huko huko kwenye flashi.

Fundi kompyuta (Barabara ya Lumumba)

Naona mnabishana mambo ya mbinguni, mimi niwarudishe chini kwenye boksi.

OptiPlex 7010 zipo za maumbo tofauti. Ile nyembamba pawasaplai yake (kile kisanduku kinacholisha umeme) ni wati 240, ile ya mnara ni 275. Waya wa ziada wa kulisha kadi hazina. Kwa hiyo kadi yenu lazima inywe umeme wa kwenye sloti (pale inapochomekwa) peke yake, na sloti za aina ile kwa kawaida ukomo wake ni wati 75. Hapo mnabaki na 750 Ti (wati 60), GTX 1050 Ti ya 2016 (wati 75), au GTX 1650 ya 2019 kwa toleo lisilo na plagi ya umeme. Na kama ni mashine nyembamba, mnatafuta kadi fupi yenye bamba fupi, vinginevyo mfuniko haufungi. Nimeshaona mtu amebeba kadi kutoka Kariakoo siku mbili kwenye basi, kufika hapa anaipima kwa rula inazidi kwa upana wa vidole vitatu.

Msidanganyike na kadi kubwa za zamani zinazouzwa bei ya kutupa. GTX 580 ya 2010 inakula wati 244 peke yake, na Nvidia, watengenezaji wake, waliacha kitambo kuitengenezea draiva mpya, yaani programu ya kuiendesha kadi. Hata hizo 750 Ti na 1050 Ti wametangaza 2025 kwamba safari yake ya draiva mpya imefika mwisho. Zitafanya kazi, sawa, lakini msinunue mkidhani mna miaka kumi mbele.

Halafu vumbi. Kabla ya kuweka kitu chochote fungueni boksi, pulizeni, badilisheni grisi ya prosesa. Kadi inayofanya kazi asilimia mia usiku mzima kwenye boksi lililojaa vumbi jekundu la Mwanga itapiga feni kama mashine ya kusaga.

Mhasibu mstaafu (Katonga)

Wanangu, hamjambo. Kadi mnaizungumzia sana kwa sababu mnainunua mara moja. Mimi nauliza ya kila mwezi.

Tufanye mashine nzima pamoja na kadi ya wati 60 inakula wati 110. Ikiwaka saa kumi kila usiku ni uniti 1.1. Mwezi ni uniti 33. Kituo kipo kwenye tarifu (daraja la bei) ya T1, shilingi 292 kwa uniti. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3, ya EWURA asilimia 1, unafika 356. Ndiyo maana mkinunua ya elfu moja mnapata uniti 2.8. Basi 33 mara 356 ni kama shilingi 11,750 kila mwezi. Ikiachwa mchana na usiku ni uniti 79, zaidi ya elfu 28.

Na wewe kijana unayetaka kuifanya nyumbani kwenu, angalia vizuri. Nyumba nyingi huku zipo kwenye ile tarifu ya D1, elfu moja inakupa uniti 8.2, kwa sharti usizidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba inayotumia uniti 50, ukiiongezea 33 za usiku imevuka. Ukihamishiwa T1, siyo kompyuta tu itakayolipa bei mpya. Friji ya mama, pasi, redio, vyote vitalipa mara tatu. Hapo utafiti wa protini utaelezea nini sebuleni?

Mwalimu wa fizikia (Tabora)

Shikamoo mzee wa Katonga. Hesabu zako sina ninalopinga. Napinga kauli niliyoisikia hata huku kwetu Tabora, kwamba hii ni sayansi ya wenyewe huko.

Mwaka 2010 Einstein@Home, mradi mwingine wa aina hii, walitangaza kwenye jarida la *Science* kwamba wamepata nyota ya pulsa (masalia ya nyota yanayozunguka kwa kasi) katika data za darubini ya Arecibo. Waliigundua kwa kompyuta za mume na mke wa Iowa, Marekani, na ya mtu mmoja wa Mainz, Ujerumani. Hawakuwa wanaastronomia, na majina yao yalitajwa. Mwanafunzi wangu akisikia hivyo anauliza pulsa ni nini, na kipindi kimeanza.

La pili linatugusa zaidi. Utafiti wa malaria wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchi nzima kwa maambukizi ya watoto chini ya miaka mitano, karibu mmoja kati ya wanne. Wa 2022 ukatukuta sisi Tabora ndio tunaoongoza. Na upo mradi ulioitwa malariacontrol.net, wa taasisi ya Uswisi ya afya ya nchi za joto, uliotumia kompyuta za watu wa kujitolea kuigiza uenezaji wa malaria Afrika, ili kupima chandarua au chanjo itapunguza nini. Kwa hiyo msiseme haituhusu.

Dada wa Ujiji

Mwalimu, mfano wako mzuri, ila umeacha nusu. Mradi huo wa malaria ulishafungwa, mwaka 2016. Na ulikuwa unatumia prosesa, haukuhitaji kadi ya grafiki hata chembe. Ukitumia malaria kutuuzia kadi leo, unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hoja yangu ni nyingine. Kila kizazi cha kadi kinafanya kazi nyingi zaidi kwa wati ile ile. Kadi yetu kuukuu itakula umeme wa mwezi mzima kufanya kazi ambayo kadi mpya ya mtu wa Ulaya inaimaliza kwa siku chache. Kama nia ni kusaidia sayansi, hizo shilingi 11,750 za mzee zina njia bora. Kwa hela hiyo kituo kinapata bando la kumsomesha binti mmoja Python (lugha ya kuandikia programu), na huyo ataisaidia sayansi kuliko feni inayozunguka gizani.

Halafu umeme wetu mnaujua. Kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli, gridi imetufikia juzi, na bado unakatika. Kazi zenyewe zina tarehe ya mwisho. Ukichelewa, kipande kinapewa mtu mwingine na umeme wako umeenda bure.

Fundi kompyuta

Dada, hapo kwenye kukatika umezidisha kidogo. Programu inahifadhi ilipofikia kila baada ya muda, umeme ukirudi inaendelea pale pale. Unapoteza dakika, hupotezi usiku mzima. Kinachoua ni ule umeme unaorudi kwa kishindo. Stabilaiza kwanza, kadi baadaye.

Na kadi haikai bure mchana. Vijana wanaohariri video za harusi wanateseka na hizo mashine. Ukiweka 1050 Ti, video ya nusu saa haimfanyi mtu alale kituoni.

Mleta mada

Dada wa Ujiji, kwenye ufanisi umenishika, sitabisha. Tukipima kwa kazi kwa kila wati, kadi yetu ni mkia. Lakini yule mwenye kadi mpya hatuwezi kumlazimisha aiwashe, na sisi hii ndiyo tunayoweza kuinunua. Fundi amenipa sababu ambayo kijana wa kamati hakuisema: video. Mimi kadi ningeinunua kwa ajili ya mchana. Usiku uwe wa wanaoutaka, waweke LUKU yao, walipe na stabilaiza, na saa za kuwaka ziandikwe kwenye daftari. Mwezi wasipochanga, programu inazimwa.

Dada wa Ujiji

Hilo la mchana nakubali. La usiku bado. Mtu akilipa umeme, ndiyo apewe kompyuta ya wote kwa saa kumi kila siku? Kesho atakuja mwingine na elfu 20 anataka awashe kitu chake, mtamkataliaje? Kamati iamue kwa kura, wachangiaji wote waitwe, siyo watu watano wa WhatsApp.

Mhasibu mstaafu

Binti amesema. Kabla ya hiyo kura fundi alete kipimo cha wati cha kuchomeka ukutani, tuipime mashine yenyewe ikiwa kazini. Hiyo 110 ni makisio yangu. Ikisoma 150, bei ya mwezi inapita elfu 16 na sura ya kikao itabadilika.

Mchangiaji wa Gungu

Mimi kura yangu ni HAPANA kwa usiku, NDIYO kwa stabilaiza. Na huo ufunguo wa kituo anakaa nao nani?