Nipange bei gani kwa nakala laini ya kitabu cha kilimo?

Mkulima wa Tukuyu
Ndugu zangu, nawasalimu. Nimeandika kitabu cha kilimo cha parachichi kwa wakulima wa Rungwe na Njombe, na nakala ya karatasi nauza shilingi 10,000. Sasa nataka kutoa nakala laini. Rafiki yangu anashauri niuze shilingi 2,000 kwa kuwa haina karatasi wala wino, lakini miezi minne niliyozunguka mashambani nikipiga picha za mizizi iliyooza nayo ina gharama yake. Je, bei ya haki ni ipi, na niuze kupitia Amazon au niuze mwenyewe?

Mhariri, Iringa
Ndugu Mkulima, swali lako liliwahi kuwafikisha wachapishaji wakubwa mahakamani. Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea nakala laini, kilipotoka mwaka 2007, Amazon iliuza vitabu vipya vingi kwa dola 9.99, mara nyingine kwa hasara, na wachapishaji wakahofu kwamba msomaji akishaizoea bei hiyo ataona kitabu cha karatasi ni ghali mno. Mwaka 2010 watano kati yao waliafikiana na Apple, iliyokuwa ikifungua duka lake la nakala laini, kwamba mchapishaji ndiye apange bei na duka lichukue asilimia 30. Bei zilipanda, Serikali ya Marekani ikawashitaki mwaka 2012, na mwaka uliofuata mahakama ikaona kwamba Apple ilishiriki katika njama. Angalia vizuri hapo: kosa lilikuwa washindani kupatana bei, si mwenye kitabu kupanga bei yake. Ya kwako ipange bila woga.

Muuza vitabu, Mwanjelwa
Mimi nasisitiza hesabu. Amazon humlipa mwandishi asilimia 70 kwa kitabu cha dola 2.99 hadi 9.99, ila katika duka lake la Marekani hukata kwanza senti 15 kwa kila megabaiti ya faili. Kitabu chako kimejaa picha. Tuseme kina megabaiti 12. Ukikiuza dola 2.99, dola 1.80 zinaondoka kabla ya mgawo na wewe unabaki na senti 83, ilhali mpango mwingine wa Amazon, wa asilimia 35, usio na makato hayo, ungekupa dola 1.05. Tena usijiunge na KDP Select, mpango wa kuiachia Amazon pekee nakala laini, kabla ya kutafakari, kwa sababu kwa siku 90 hutaruhusiwa kuuza nakala laini mahali pengine popote, hata kwa jirani yako.

Mkulima wa Tukuyu
Nashukuru sana, ndugu zangu. Jana usiku nilipunguza ukubwa wa picha, na ule mzizi mweusi bado unaonekana wazi kwenye simu ndogo ya mama yangu mdogo. Nitauza mwenyewe kwa shilingi 6,000, malipo kwa simu. Aliyekwisha kununua kitabu cha karatasi ataongeza 2,000 tu.