Grieg alikataza simfoni yake isipigwe: je, tuwasikilizishe wanakwaya?

Mwalimu wa Kwaya, Moshi:
Ndugu zangu, binti yangu anayesoma Bergen, Norway, amenitumia rekodi ya tamasha la okestra lenye kazi mbili za mtunzi wa huko, Edvard Grieg: koncheto, yaani kazi ya piano ikiambatana na okestra, ambayo niliwahi kuisikia redioni, na simfoni, kazi ndefu ya okestra, ambayo sikujua kwamba ipo. Jumamosi nakusudia kuwaonyesha wanakwaya kwa projekta ya kuazima. Binti anasema mtunzi mwenyewe aliandika juu ya nota za simfoni hiyo kwamba isipigwe kamwe. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni adabu kuisikiliza?

Mzee wa Nota:
Ni kweli, Mwalimu. Aliitunga mwaka 1863 na 1864, akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Kisha mwaka 1867 akasikia simfoni ya Mnorwei mwenzake, Johan Svendsen, akaiona yake si kitu, akaifungia. Haikupigwa tena hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwangu mimi, katazo la marehemu ni wosia. Wapigie koncheto, inatosha.

Tarumbeta wa Machame:
Shikamoo Mzee. Miaka uliyotaja ni sahihi, ila hukumu naipinga, kwa sababu sehemu mbili za katikati Grieg mwenyewe alizichapisha kwa ajili ya watu wawili kwenye piano moja. Hakuikana kazi yote.

Mwalimu, anza na koncheto, aliyoitunga mwaka 1868. Kabla ya kubonyeza, waimbishe wanakwaya *la, se, mi* (*se* ni *so* iliyopandishwa nusu sauti), kwa kushuka, mara tatu nne. Ngoma za shaba zitaanza kwa mngurumo mdogo unaovimba, kisha piano itaporomoka kwa sauti hizohizo tatu, na hata wa besi wanaosinzia watainua vichwa. Sehemu ya mwisho ina mdundo wa halling, ngoma ya Kinorwei ambayo mchezaji huruka na kuipiga teke kofia iliyotundikwa kwenye ncha ya fimbo.

Simfoni ifuate. Imetengenezwa vizuri, lakini bado inanukia darasa la Leipzig, Ujerumani, alikosomea; Unorwei wenyewe haujakolea.

Mzee wa Nota:
Marahaba. Hizo sehemu mbili za katikati nakuachia. Nyingine bado nasita.

Mwalimu wa Kwaya, Moshi:
Nimewaelewa. Nitapiga koncheto yote, halafu hizo mbili tu. *La, se, mi* tumeijaribu jana jioni. Sauti ya pili wanaikosa *se* kila mara.