Mguu wa kuku wa mfukoni: kinga, au tunajidanganya?

Mleta mada:
Wakuu, salaam kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Naleta hili tulichambue bila matusi.

Mimi ni mnunuzi wa dagaa, nashinda mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inapoleta dagaa. Bastola ninayo kihalali, kitabu cha umiliki ninacho, na mwaka 2016 nilipanga foleni ya uhakiki wa silaha kama wengine. Ni kile kidude cha risasi za milimita 7.65 kinachoenea kwenye kiganja. Nilikichagua kwa sababu moja tu: kinaingia mfukoni na hakuna anayejua. Mwaloni huwezi kuvaa koti, na bastola kubwa ukiichomeka kiunoni, hadi watoto wa kubeba ndoo wataiona na kuitangaza.

Mwezi uliopita nikapata nafasi ya kulenga shabaha chini ya usimamizi wa askari. Risasi kumi. Tatu za kwanza safi. Ya nne ikalia, halafu nikabonyeza, kimya. Kutazama, ganda tupu limesimama wima kwenye tundu la kutokea, slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, imelibana kama mlango uliobana kidole. Nikalitoa, nikakoki upya, mbili zikaenda. Ya saba ikafanya vilevile. Yule askari akaniambia, "Bosi, hapo jambazi keshakusalimia mara mbili."

Nyumbani nikaifungua juu ya gazeti. Ndani ya magazini, kile kisanduku cha risasi, chini ya springi, kulikuwa na nyuzi za mfuko wa suruali, mchanga, na kichwa cha dagaa. Kichwa kizima, jicho lipo.

Msimamo wangu: hivi vidude vya mfukoni ni vya kutuliza moyo wa mwenye navyo, basi. Nipingeni.

Askari mstaafu, Katubuka:
Mdogo wangu, unaisingizia bastola. Hiyo silaha inajiendesha kwa teke la risasi yake yenyewe. Teke linarudisha slaidi nyuma, ganda linatupwa nje, springi inaisukuma slaidi mbele ikiwa imebeba risasi mpya. Sasa teke lazima likute mkono uliokaza. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haifiki mwisho wa safari yake, ganda linanaswa njiani. Ulichoeleza ni mkono, si chuma. Na kitako cha kidude hicho kinapokea vidole viwili, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, kwa hiyo unatakiwa ukaze kuliko mwenye bastola kubwa.

Halafu hicho kichwa cha dagaa nacho kiliingia kwa amri ya nani?

Mleta mada:
Shikamoo mzee. Cha dagaa nakubali, ni uzembe wangu. Lakini umenisaidia bila kutaka. Kama silaha inafanya kazi vizuri pale tu mkono ukiwa umekaza sawasawa, basi siku nikivamiwa, natetemeka, jasho limejaa kiganjani, labda nimeshaumizwa mkono mmoja, hiyo siku ndiyo itakwama. Silaha ya dharura inayodai utulivu ni silaha gani hiyo?

Fundi saa, Lumumba:
Mimi silaha sina wala siitaki, ila mashine ndogo ndizo zinazonilisha. Ngoja niwape mfano wa mezani kwangu. Saa ya ukutani ikiingia chembe ya mchanga inaweza kutembea nayo miaka. Saa ndogo ya mkono ya kina mama, chembe hiyo hiyo inaisimamisha. Kosa si la fundi aliyeitengeneza. Kwenye kitu kidogo nafasi ya kusamehe haipo.

Bastola ndogo ni hivyo hivyo. Slaidi fupi na nyepesi inakwenda na kurudi haraka sana, na magazini lazima iwahi kuinua risasi inayofuata ndani ya muda huo mfupi. Springi zake ni fupi na zinafanya kazi ngumu, kwa hiyo zinachoka mapema kuliko za bastola kubwa. Nikuulize mleta mada: springi ya magazini yako ina umri gani? Na ikichoka, mpya utaipata wapi? Haiuzwi soko la Mwanga. Na usinipelekee mimi, wala wale mafundi wa magobole huko vijijini. Wote tutaishia polisi.

Mwalimu, nawasoma nikiwa Tabora:
Mzee wa Katubuka, hilo la mkono ni kweli ila lisifunge mjadala. Tarehe 20 Machi 1974, London, gari la Binti Mfalme Anne lilizuiwa barabarani na mtu mwenye bastola aliyetaka kumteka. Mlinzi wake, Inspekta James Beaton, alikuwa na Walther PPK, bastola ndogo ya heshima zake. Akiwa ameshapigwa risasi ya bega alifyatua mara moja, akakosa, kisha bastola ikakwama. Beaton alipigwa risasi tatu siku ile. Alipona na akatunukiwa Msalaba wa George, lakini polisi wa London waliachana na PPK. Tena huyo ni askari aliyefundishwa, wala mfukoni hakuwa na dagaa.

Na kukwama si ugonjwa pekee. Mwaka 2008 kampuni ya Ruger ilitoa bastola ya LCP, ndogo kabisa, nyepesi, watu wakaigombania Marekani. Mwaka huo huo kampuni yenyewe ikaziita nyingi zirudi kiwandani, kwa sababu ziliweza kufyatuka zikidondoka zikiwa na risasi ndani. Fikiria kitu kama hicho mfukoni, ndani ya mtumbwi.

Kijana wa Gungu:
Mwalimu unatisha watu kwa mambo ya 1974. Teknolojia imesogea. Bastola ya SIG P365 ya mwaka 2018 ni ndogo vilevile na inabeba risasi 10. Na aliyemuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, kule Sarajevo mwaka 1914 alitumia bastola ndogo ya Browning iliyotengenezwa na kiwanda cha FN, Vita Kuu ikafuata. Mbona ile haikukwama? Mimi namshauri bosi achukue bastola ya risasi ndogo za inchi .22. Teke dogo, risasi rahisi.

Mwalimu, Tabora:
Mdogo wangu, hiyo ya .22 ndiyo ungeiacha kwanza. Fataki yake, ile inayowasha baruti, haikai katikati ya kitako cha ganda. Imezungushwa ndani ya ukingo. Pini ikigonga mahali ambapo fataki haikuenea vizuri, unapata "tik" badala ya mlio. Halafu ganda lenyewe lina ukingo uliojitokeza kitakoni, likikaa vibaya kwenye magazini linajikwaa. John Browning, mbunifu wa silaha, alilijua hilo, ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 20 akaleta risasi ya milimita 6.35 yenye fataki katikati, mahsusi kwa bastola za mfukoni. Nguvu yake ni ndogo, lakini inaingia chemba na inawaka.

Hilo la Sarajevo sina haja ya kulijibu. Mwuaji aliyejiandaa na mtu aliyeshtukizwa si wa kulinganisha.

Askari mstaafu, Katubuka:
Basi achukue rivolva, bastola ya gurudumu la risasi. Risasi tano, haina slaidi, haijali mkono legevu. Risasi moja ikikataa, unabonyeza tena, inakuja nyingine. Ubaya wake kifyatulio ni kizito, na ikigoma kweli kweli haizibuliki papo hapo, ni ya kupeleka kwa fundi wa silaha anayetambulika. Lakini kugoma kwake ni nadra.

Na wenzetu wenye kujua husema bastola mpya usiiamini mpaka umeipitishia walau risasi mia mbili bila kukwama, kwa risasi zile zile utakazobeba.

Mleta mada:
Hapo hapo mzee ndipo ninapotaka tusimame. Mia mbili! Mimi risasi sinunui kama vocha. Ni kibali, ni idadi, ni daftari. Kumi nilizopiga mwezi uliopita ndizo nilizopata kwa mwaka mzima. Mmarekani anabishana kuhusu bastola ipi ni ya kuaminika kwa sababu Jumamosi anaenda kiwanja cha shabaha na boksi nne za risasi. Sisi tunasoma ubishi wake, tunanunua kidude chake, halafu tunakitia mfukoni hakijajaribiwa. Kwa hiyo swali la "inaaminika?" mimi siwezi hata kulijibu kuhusu bastola yangu mwenyewe. Kumi, mbili zimekwama. Ndicho ninachokijua.

Wakala wa pesa, Mwanga (dada yenu):
Kaka zangu nimewasoma hadi mwisho. Mbona mmeanzia katikati? Anayekuvamia njiani hapa kwetu anakuja na nini? Tuliosafiri njia ya Kibondo na Kakonko enzi zile mabasi yanasindikizwa na polisi tunakumbuka ilikuwa kwa sababu ya majambazi wenye bunduki. Ziwani nako wavuvi wanaporwa mashine za mitumbwi na watu wenye bunduki za kivita za SMG. Hicho cha risasi sita, kikwame kisikwame, utakitoa mfukoni saa ngapi?

Na kwa nini unatembea na fedha taslimu za mzigo mzima? Mimi kibandani kwangu nimeibiwa mara moja, na aliyeniibia alikuwa anajua saa ninayofunga. Nilibadilisha saa, sikununua bastola.

Mleta mada:
Dada, mitumbwi inaingia alfajiri na wavuvi wanataka noti mkononi. Benki alfajiri haipo, na kiwango cha kutuma pesa kwa simu kinaisha kabla ya mtumbwi wa tatu. Ungekuwa mwaloni usingesema hivyo.

Wakala wa pesa, Mwanga:
Nimekuwa mwaloni kabla yako, kaka. Mama yangu aliuza dagaa Katonga. Walikuwa wananunua watatu watatu, fedha imegawanywa, na hakuna aliyeondoka peke yake.

Askari mstaafu, Katubuka:
Binti kasema. Nami niongeze la sheria, maana naona halijaguswa: Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari. Aliyekwapua begi na kugeuza mgongo anakimbia, ukimpiga risasi, kesi ni yako. Mleta mada, hiyo bastola usiibebe tena mpaka ikaguliwe. Ipeleke imetolewa risasi, na kitabu chako mkononi. Na tafuta mkoba wa ngozi unaoziba kifyatulio, mfuko huo usitie kitu kingine chochote.

Mleta mada:
Sawa mzee. Iko kabatini imefungwa, magazini kando, Jumatatu naipeleka. Watatu watatu nimeshaongea na jirani yangu wa mwaloni, amekubali, tunamtafuta wa tatu. Suruali nilimpa mke wangu afue. Ameniita sasa hivi uani: mfuko wa kushoto nao una magamba.