Naomba ushauri: sura yangu kuhusu mtazamo wa nafsi na mtazamo wa nje kwa Thomas Nagel imerudishwa

Msomaji_wa_Usiku (mleta mada):
Wanajukwaa, salaam. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani aliyezaliwa Belgrade mwaka 1937, na ninaiandika kwa Kiswahili. Sura ya kwanza niliijenga hivi: mtazamo wa nafsi ni maoni ya mtu pamoja na upendeleo wake, na mtazamo wa nje ni ukweli wenyewe kama sayansi inavyouona. Msimamizi wangu ameirudisha akiwa ameandika pembeni sentensi moja tu, kwamba nimemgeuza Nagel kuwa mpinzani wa Nagel. Nimeirudia makala yake ya mwaka 1974 kuhusu popo na sijaona nilipoteleza, kwa sababu humo humo anakiri kwamba sayansi husonga mbele kwa kuyaacha nyuma mambo ya nafsi. Nimebakiwa na wiki 3. Je, nirekebishe istilahi tu, au sura yote niibomoe?

Kunguru_Mzee:
Ndugu mleta mada, pole, na hongera kwa kuthubutu. Nadhani kilichokuponza ni neno "maoni". Nagel hasemi kwamba popo ana maoni. Anasema kwamba popo huyatambua mazingira yake kwa kutoa sauti na kuusikiliza mwangwi wake, na kwamba kuna namna ambavyo ulimwengu humjia popo mwenyewe, namna ambayo hatutaipata hata tukiufahamu ubongo wake wote. Namna hiyo ipo kweli, kama mawe yalivyopo. Wahenga walikwisha kulisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwana_Mantiki:
Namuunga mkono Mzee mpaka alipofika kwenye kunguni. Hapo aniwie radhi. Kitanda cha methali unaweza kukilalia kesho na kunguni wake ukawajua, lakini cha popo hakilaliki. Hata ukijiwazia umening'inia darini kichwa chini mchana kutwa, utakachokijua ni jinsi ambavyo ingekuwa kwako wewe kuishi kipopo, wala hutajua jinsi ilivyo kwa popo. Tena Nagel anasema wazi kwamba hazungumzii siri ya mtu mmoja mmoja. Binadamu hufahamiana kwa kuwa wanafanana vya kutosha. Anachokizungumzia ni aina ya mtazamo.

Sasa nije kwenye swali lako hasa, maana kauli ya Nagel uliyoitaja, kwamba sayansi husonga mbele kwa kuyaacha nyuma mambo ya nafsi, ni sahihi ila umeitumia mahali pasipo pake. Chukua maji ya ndoo. Mkono uliotoka kwenye barafu unayaona ya moto, na mkono uliotoka juani unayaona ya baridi. Ukirudi nyuma hatua moja, unaelewa kwamba tofauti hiyo inatokana na mikono. Ukirudi nyingine, unazungumza juu ya mwendo wa molekuli, jambo ambalo hata kiumbe asiye na ngozi angeweza kulielewa. Katika kila hatua, mtazamo wa awali hautupwi, bali unaingizwa katika orodha ya vitu vinavyohitaji kuelezwa. Ndiyo maana katika kitabu chake cha mwaka 1986 Nagel anaichukulia tofauti hii kuwa ya viwango, wala hazigawi pande hizo mbili kama Simba na Yanga. Kwa radi au joto, kujitenga na nafsi kunatusogeza karibu na kitu chenyewe. Lakini kitu tunachotaka kukieleza kikiwa ni hisia yenyewe ya joto, kila hatua ya kurudi nyuma inatuondoa kwenye kile tulichokuwa tukikitafuta. Hapo ndipo ulipoteleza.

Nyota_ya_Kusi:
Naongeza mawili. Kwanza, "mtazamo wa nje" unamfanya msomaji afikirie macho ya mgeni au ya jirani, ambaye naye ana nafsi yake. Mimi ningeandika "mtazamo uliojitenga na nafsi", kwa sababu unakubali neno "zaidi", na viwango alivyovitaja Mwana_Mantiki vitabaki ndani ya lugha yenyewe.

Pili, usiyaache maadili. Maumivu, kwa Nagel, ni mabaya hata ukisahau ni ya nani, lakini wajibu wa mzazi kwa mwanawe haubaki ulivyo ukifuta neno "wangu". Naye si mpenzi kipofu wa kujitenga: anasimulia jinsi alivyomwokoa buibui aliyekuwa akiishi katika choo cha wanaume alipokuwa akifundisha Princeton. Alimtoa kwa kipande cha karatasi, kesho yake akamkuta pale pale sakafuni, amekufa. Alimhurumia kwa macho ya binadamu. Mimi kisa hicho hunikera kila nikikisoma.

Msomaji_wa_Usiku:
Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Naibomoa sura, kwa maana nimeona kwamba istilahi mpya juu ya hoja ile ile zisingenisaidia. Nitaanza na ndoo ya maji, nifuatishe popo, na "maoni" nitayafuta kila yalipo. Limebaki moja: kisa cha buibui nikiweke hapo hapo au nikisubirishe hadi sura ya maadili?

Mwana_Mantiki:
Kisubirishe. Ukimweka buibui karibu na popo, msimamizi atadhani umehamia zoolojia.