Mpenzi asiyezeeka: nimalizeje riwaya yangu?

BintiLangoni, Lamu
Jamani, nisaidieni. Natunga riwaya ya msichana wa Shela, miaka 17, anayependana na mungu wa bahari niliyemuazima kwa Wagiriki wa kale. Sura ya tisa nimekwama. Riwaya za namna hii nazisoma hadi adhana ya alfajiri, na nyingi huishia msichana naye kufanywa mungu, kama yule binti Psyche alivyonyweshwa ambrosia, kinywaji cha kutokufa, ndipo akawa mke halali wa Cupid, mungu wa mapenzi. Mimi sitaki. Msichana wangu asipokufa, mamake na shoga zake wote atawazika yeye. Mapenzi yatakuwa yamempa nini?

Kuna ile ya Eos, mungu wa alfajiri. Alimwombea mpenzi wake Tithonus, binadamu, kwa Zeus, mkuu wa miungu, asife, akasahau kumwombea asizeeke. Yule bwana akachakaa hata mkono hauinuki, Eos akamfungia chumbani, ikabaki sauti tu. Nikiisoma namwona bibi yangu. Zamani akitunga asumini za vikuba bila kutazama; siku hizi mimi ndiye namtilia uzi sindanoni. Mungu ambaye macho yake hayafifii atakaa na mwanamke wa hivyo? Nataka akae, na msomaji aamini.

Mwana wa Malindi
Mdogo wangu, mwondoe huyo mungu, mweke jini. Jini naye hufa, ila umri wake mrefu, kwa hiyo ana cha kupoteza. Na hadithi za majini waliooa watu tumelelewa nazo.

BintiLangoni
Ahsante dada, lakini jini tunamwogopa kweli. Bibi hataki hata atajwe magharibi. Miungu ya Wagiriki kila mtu anajua ni ngano, msomaji wangu atapenda bila hofu.

Nahodha Mstaafu
Hizo riwaya msomaji ni binti yangu, mimi najua pepo za msimu tu, zile za kusukuma tanga. Mfunge huyo bwana na pepo hizo. Aje na kaskazi, Desemba, aondoke kusi ikianza, Aprili, kama majahazi ya Arabuni yalivyokuwa. Kila akirudi yeye ni yuleyule, mwenzake ameongeza mwaka. Uzee hutahitaji kuueleza. Binti ananiambia hata Persephone, mungu wa kike wa hao Wagiriki, hukaa kuzimu kwa mumewe sehemu ya mwaka, kisha hurudi kwa mamake.

BintiLangoni
Mzee wangu, umenifungua! Basi iwe misimu hamsini. Nimeandika sasa hivi: Desemba, anamkuta barazani na sinia la asumini, sindano mkononi, uzi unapita pembeni ya tundu, mara ya tatu, ya nne. Hasemi neno. Anauchukua, anailowesha ncha kwa ulimi, anatia. Uzi una chumvi.

Niambie kitu kimoja nisikosee: jahazi likiingia Lamu, hutua tanga kwanza au hutia nanga kwanza?